Perez na Mjomba wa Brenda

Perez Obiero aliajiriwa kuwa opareta wa simu mjini Kisumu mwaka wa 1979. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya ubao wenye matundu mengi na kuchomeka nyaya. Mtu wa Kendu Bay akitaka kuzungumza na mtu wa Kericho, ilibidi kwanza azungumze na Perez, naye Perez amuulize nambari, amwambie asubiri, kisha amwambie aendelee.

Sheria ya kwanza ya kazi ilikuwa kwamba opareta hasikilizi. Perez aliishika sheria hiyo kwa muda wa wiki moja hivi.

Hakuwa mmbea. Alichosikia hakukipeleka kanisani wala sokoni, na hata mumewe hakumwambia. Ila alikuwa na masikio mazuri na saa nane za kukaa kitini, na polepole akawa anawajua watu kwa jinsi wanavyouliza. Aliyefiwa hutaja majina yote matatu ya marehemu hata kama anaongea na ndugu wa marehemu. Mwenye shida huanza na shida yake. Mwenye jambo lake asilotaka kulisema huanza kwa kuuliza uko na nani.

Mwaka wa 1986 kulikuwa na mwanamume aliyepiga simu kila Jumanne saa tisa alasiri kwenye nyumba moja ya Milimani. Aliyepokea alikuwa mtoto wa kike, sauti ya miaka kumi hivi. Mwanamume alisema yeye ni baba mdogo, yuko Sondu. Akauliza kama baba amerudi. Akauliza mama hutoka kazini saa ngapi. Akauliza kama bado wanafuga yule mbwa. Mtoto alijibu vizuri sana, kwa sauti ya heshima, kama alivyofunzwa. Jumanne ya nne simu haikupigwa. Nyumba ilikuwa imeshafagiliwa mchana wa Jumatatu, na wezi walibeba hata mapazia. Mtoto walimfungia bafuni, akatolewa na mama yake saa kumi na mbili.

Perez alisoma habari hiyo kwenye gazeti lililofungiwa mandazi. Ili kusema alichojua, ilimbidi kwanza aseme kwamba alikuwa anasikiliza. Akala mandazi, akalikunja gazeti, akanyamaza miaka kumi na mitatu.

Baadaye mitambo ikaja iliyoweza kuunganisha watu bila kuwauliza nambari. Mwaka wa 1996 Perez alipewa barua ya shukrani na saa ya ukutani, akaenda nyumbani Ondiek. Alijaribu kuuza dagaa wa omena, lakini wateja walimwambia ana sauti inayowafanya wahisi wamekosea nambari.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1999, kijana mmoja aitwaye Wepukhulu, aliyetoka Bungoma na diploma ya umeme, alifungua saiba mjini, juu ya duka la viatu. Ilikuwa na kompyuta nne na laini moja ya simu. Alitafuta msimamizi, na katika watu tisa waliokuja kuomba kazi, Perez peke yake ndiye aliyeweza kusikia laini ikikatika mara sita mfululizo bila kutukana.

Siku ya kwanza Wepukhulu alimwonyesha mtandao. Modemu ililia, ikakoroma, ikanyamaza, na ukurasa ukaanza kushuka kidogo kidogo kama pazia.

"Nani anaunganisha?" Perez akauliza.

"Hakuna mtu, mama. Inajiunganisha."

"Na nani anasikiliza?"

"Hakuna anayesikiliza."

"Sasa mtoto akiongea na mtu mbaya, ni nani atajua?"

Wepukhulu alifikiri. Alikuwa amesoma miaka mitatu na swali hilo halikuwa kwenye mtihani wowote. "Hakuna," akasema.

Perez alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Kisha akauliza choo kiko wapi, na kazi ikaanza.

Mwezi wa Machi alikuja Mwalimu Nicodemus, mkuu wa shule moja ya msingi ya pale mjini. Alikuwa mtu wa suti ya kahawia na mipango mikubwa. Alikubaliana na Wepukhulu kwamba kila Jumamosi saa tatu wanafunzi kumi na wawili wa darasa la saba waje kujifunza kompyuta, na zaidi ya yote wapate marafiki wa kuandikiana nao duniani kote. Kulikuwa na ukurasa mmoja wa mtandao mahsusi kwa hilo, ubao wa matangazo ya watoto wanaotafuta marafiki. Mwalimu aliwaamuru wajitambulishe hapo, na wakajitambulisha.

Perez alipita nyuma ya viti akisoma. Kila mtoto alikuwa ameandika majina yake matatu, umri, shule, darasa, sanduku la posta, jina na kazi ya baba, mtaa anaokaa na kanisa lililo karibu na nyumba yao. Mmoja aliongeza kwamba lango lao ni la bluu.

"Mwalimu," akasema, "hawa watoto wamemwambia kila mtu kila kitu."

"Ni adabu, Madam. Mtoto lazima ajitambulishe."

Na ilikuwa kweli. Yeye mwenyewe aliwalea wanawe hivyo. Mtu mzima akimuuliza mtoto, mtoto husimama wima na kusema yeye ni wa nani, wa kwa nani, nyumba iko nyuma ya nini. Mtoto anayejibu nusu hurudishwa aanze upya. Watoto kumi na wawili wale walikuwa wamelelewa vizuri mno, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi juma zima.

Alijaribu kuwaambia tu. Jumamosi iliyofuata alisimama mbele yao akasema wasimwandikie mtu wasiyemjua habari za nyumbani. Walisema, "Ndiyo, Madam," wote kwa pamoja, wakageuka, wakaendelea kuandika habari za nyumbani.

Ndipo akamtunga Sheila. Alimwomba Wepukhulu amfungulie anwani mpya ya barua pepe, akamwomba Mwalimu Nicodemus ruhusa ya kuwapa watoto jaribio. Mwalimu wakati huo alikuwa anasoma barua pepe yake ya kwanza kutoka ng'ambo, akasema, "Sawa, sawa, endelea," bila kugeuza kichwa.

Sheila alikuwa na miaka kumi na mitatu, anaishi Nakuru, anapenda netiboli na hapendi hesabu. Aliwaandikia watoto wote kumi na wawili barua fupi za kirafiki. Hakuuliza jambo lolote baya. Aliuliza kama nao wana dada mkubwa msumbufu, kama huenda shule kwa miguu, kama jioni kuna mtu wa kuwasaidia hesabu au wanabaki peke yao kama yeye.

Baada ya Jumamosi mbili Perez alikuwa na daftari lililojaa. Alijua nyumba saba ambazo ufunguo huachwa nje na mahali unapoachwa. Alijua baba wawili wanaofanya kazi ya usiku na mama mmoja aliyeenda Uganda mpaka mwisho wa mwezi. Alijua njia ya mkato inayopita nyuma ya ghala, na nani huipita peke yake, na saa ngapi. Barua ya kumi na tatu ilitoka kwa Mwalimu Nicodemus mwenyewe. Alikuwa ameona jina la Sheila kwenye kompyuta moja, akafurahi, akamwandikia kumkaribisha shuleni wakati wowote, na kumweleza kwamba kwaya ya wasichana hufanya mazoezi hadi saa kumi na mbili na nusu, na kwamba langoni hakuna mlinzi siku za Alhamisi.

Jumamosi ya tatu Perez alizima kompyuta zote nne, akawageuza watoto kwenye viti, akafungua daftari. Alisoma kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaambia watu wasubiri laini. Hakutaja jina la mtoto. Alisoma tu: ufunguo chini ya ndoo, ufunguo kwenye kiatu cha zamani, baba hurudi alfajiri, huwa niko peke yangu mpaka saa mbili. Kila alipogeuza ukurasa, mtoto mwingine aliinamisha kichwa. Alipofika kwenye lango lisilo na mlinzi, Mwalimu Nicodemus alikohoa, akatoka nje kuangalia hewa.

"Sheila amewaambia watu?" mtoto mmoja akauliza.

"Sheila hayuko. Sheila ni mimi."

Msichana aitwaye Dorca alianza kulia. Alisema alikuwa amemweleza Sheila mambo ambayo hata mama yake hajui. Perez akasema anajua, ameyasoma, na kurasa hizo zimeshachanwa na kuchomwa. Dorca akalia zaidi. Perez alisimama pale na daftari lake, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba alichofanya kilikuwa cha lazima na pia hakikuwa kizuri. Akamwomba Dorca msamaha mbele ya wenzake. Dorca hakujibu. Alikuwa na haki ya kutojibu.

Ndipo kutoka kiti cha dirishani msichana mwingine, Lornah, akanyoosha mkono. Lornah alikuwa mrefu, mkimya, wa kwanza darasani.

"Madam, na Brenda pia ni wewe?"

"Brenda gani?"

Perez aliona mikono ya Lornah ikishika ukingo wa kiti. Akawaruhusu wengine waende wakanunue soda, akavuta kiti.

"Unataka kunionyesha?"

Lornah akawasha kompyuta.

Kulikuwa na barua kumi na moja. Brenda alikuwa na miaka kumi na mitatu, wa Nairobi. Alikuwa ameona tangazo la Lornah kwenye ule ubao. Barua za kwanza zilikuwa za vitabu na nywele. Ya nne iliuliza Lornah akirudi nyumbani humkuta nani. Ya sita iliomba picha. Ya saba ilisema urafiki wao ni wa siri, kwa sababu wazazi huwa hawaelewi. Brenda alisoma katika shule nzuri sana ambayo haikuwa na mwalimu hata mmoja mwenye jina. Barua ya kumi na moja ilisema Brenda anakuja Kisumu na mjomba wake. Wangefikia hotelini. Jumamosi ijayo saa nne asubuhi mjomba angemchukua Lornah pale Mamboleo kwenye makutano, kwa gari jeupe. Mjomba angevaa kofia ya kijani. Lornah aseme nyumbani kwamba anakuja saiba.

Perez alisoma mpaka mwisho. Katika kichwa chake, barua zote zilikuwa na sauti ya mwanamume, na ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri.

"Umekubali?"

"Nilisema nitakuja." Sauti ya Lornah ilikuwa ndogo. "Aliuliza vizuri."

"Najua, nyathina, mwanangu. Wanaulizaga vizuri."

Baba yake Lornah, Walter, alikuwa karani wa reli, mtu mpole aliyependa karatasi zilizopangwa. Perez alienda na Lornah mpaka nyumbani kwao, akamweleza Walter yote, na Walter mpole akainuka na kufungua mshipi.

"Mzee, kaa chini," Perez akasema. "Ukimpiga huyu kwa sababu amesema, mtoto mwingine atanyamaza. Ni nani alikwambia? Mimi? Mimi sikujua. Ni yeye alisema."

Walter alisimama na mshipi mkononi. Kisha akaketi, akaanza kuufunga tena, akakosa tundu mara tatu. Lornah akaja akakaa kando yake kwenye kochi. Chai ikaletwa.

Jumatatu Perez na Walter walienda kituo cha polisi na barua zile zimechapishwa. Aliyewapokea alikuwa Koplo Wakhisi, mtu wa makamo mwenye kalamu mbili mfukoni. Alizisoma zote, polepole.

"Huyu Brenda amefanya kosa gani?"

"Brenda hayuko," Perez akasema.

"Hayuko wapi?"

"Hayuko kabisa. Hajazaliwa."

Koplo aliitazama karatasi. "Sasa nitaandika nimshike nani?"

"Mjomba wake."

"Mjomba wa mtu ambaye hajazaliwa."

"Ndiyo, bwana."

Koplo Wakhisi alifunga kitabu. Alisema kituo kina gari moja na gari hilo halina betri. Alisema pia kwamba yeye ana binti watatu, na Jumamosi hayuko zamu.

Jumamosi, saa tatu na nusu, makutano ya Mamboleo yalikuwa yamejaa kama kawaida: akina mama na vikapu vya nyanya, malori ya miwa, makondakta wakiita watu wa Kakamega. Lornah alikuwa nyumbani na mama yake, mlango umefungwa. Walter alisimama kwa fundi wa viatu akijifanya anangoja kiatu, ingawa alivaa vyote viwili. Kando ya barabara, mwanamume mwenye kaptura alikuwa anatafuna muwa, ameegemea baiskeli. Ilimchukua Perez dakika kadhaa kumtambua koplo.

Saa nne na dakika tano gari jeupe lilisimama. Dereva alikuwa na kofia ya kijani na umri wa miaka arobaini hivi, ndevu zimenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi. Alitazama huku na huku. Perez alivuka barabara na mkoba wake wa kanisani, akainama dirishani.

"Wewe ndiye mjomba wa Brenda?"

Mtu yule akatabasamu. "Ndiyo, mama. Na wewe ni nani?"

"Mimi ni Lornah," Perez akasema.

Perez alikuwa na miaka arobaini na minne na uzito wa kutosha. Mtu yule alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, na tabasamu likamtoka usoni taratibu. Alisema kuna makosa. Alisema yeye hamjui Brenda yeyote. Aliingiza gia, na hapo mkono uliokuwa umeshika muwa ukapita dirishani upande wa pili na kuchomoa ufunguo.

"Habari ya asubuhi," Koplo Wakhisi akasema. "Tutembee kidogo."

Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na picha ya Lornah ndani ya bahasha, na bahasha nyingine mbili za wasichana ambao hakuna aliyewajua. Hilo ndilo Perez alilolikumbuka baadaye kuliko yote. Polisi waliandika barua kwa shule zilizoonekana kwenye sare za picha zile. Wasichana wote wawili walipatikana Nakuru, wako salama, na kila mmoja alikuwa na rafiki wa siri aitwaye Brenda.

Mtu yule alikuwa fundi wa kompyuta wa Nairobi. Kortini ilionekana kwamba hakuna sheria inayomkataza mwanamume wa miaka arobaini kujiita Brenda. Lakini gari lilikuwa la mwajiri wake, na halikuwa na ruhusa ya kutoka Nairobi, na yeye mwenyewe hakuwa na leseni. Alifungwa miezi minane kwa makosa hayo. Walter alilalamika kwamba ni kidogo. Koplo alimwambia kwamba yeye amefanya kazi hii miaka ishirini, na hii ni mara ya kwanza kufurahia leseni kukosekana.

Mwalimu Nicodemus alitaka kusimamisha masomo ya Jumamosi kabisa. Wazazi waliitwa shuleni, na Perez akapewa dakika tano. Alisimama akasema aliyokuwa hajawahi kumwambia mtu: nyumba ya Milimani, simu za Jumanne, mapazia, na mtoto aliyefungiwa bafuni. Alisema alikuwa anasikiliza ingawa alikatazwa, na alinyamaza ingawa hakuna aliyemkataza kusema. Hakuna aliyemlaumu na hakuna aliyemfariji, akaona hiyo ni sawa.

Bibi mmoja wa nyuma akauliza kwa Kijaluo kama sasa mjukuu wake asiseme tena yeye ni wa nani.

"Akimwona mtu kwa macho yake, Mama, na wewe uko nyumbani, aseme," Perez akajibu. "Asipomwona anayeuliza, yeye ndiye aulize kwanza. Na mtu yeyote akimwambia hii ni siri, hiyo siri ailete nyumbani siku hiyohiyo. Na akiileta, msimpige."

Hilo la mwisho lilijadiliwa muda mrefu kuliko mengine. Kura zilipopigwa, lilipita kwa tofauti ya watu watatu.

Masomo yakaendelea. Lornah alirudi muhula uliofuata, akakaa kiti cha karibu na mlango. Dorca hakurudi tena, ingawa Perez alimwandikia mama yake mara mbili.

Kufikia Novemba mwaka huo walimu wa mbali walikuwa wanamwita. Jumatano moja alienda shule ya Katito, na wiki iliyofuata Sondu, kwenye shule isiyokuwa na kompyuta, wala simu, wala umeme. Mwalimu wa darasa, mwanamke kijana mwenye kiboko chembamba mezani, alimuuliza kwa heshima atafundishaje mtandao bila mtandao. Perez akasema hata yeye haelewi sana mtandao. Akatoka nje, akasimama chini ya dirisha mahali ambapo watoto hawangemwona, akawaita kwa sauti tamu kabisa.

"Hamjambo, watoto wazuri? Wewe wa mbele, unaitwa nani? Baba yuko nyumbani?"

Watoto arobaini wakasimama na kuanza kujibu kwa pamoja. Perez akarudi ndani, akawaeleza, akatoka tena. Mara ya pili walijibu kumi na watano. Mara ya tatu walijibu wanne. Mara ya nne kulikuwa na kimya, kisha sauti moja nyembamba ya msichana wa safu ya nyuma ikasema:

"Kwanza wewe ni nani? Na unataka baba wa nini?"

Mwalimu aliruka akamwamuru apige magoti kwa kumjibu mgeni vibaya. Msichana akapiga magoti. Perez alichungulia dirishani, akamwomba mwalimu amsamehe, akamwomba msichana asimame.

"Rudia, nyathina," akasema. "Rudia kwa nguvu, mwalimu asikie."

Msichana alimtazama mwalimu, akatazama kiboko, akarudia.